Mtoto Akataaye Nyama

Katika nyumba nyingi za ufuko wa Ziwa, siku ya nyama ni siku ya furaha. Baba amepata mshahara, au mgeni amekuja. Chungu kimetelekwa tangu adhuhuri, na harufu yake yafika kwa jirani. Basi mama huona uchungu, chakula kikiisha kuandaliwa, mtoto wake wa miaka miwili akiizungusha ile nyama mdomoni kitambo kirefu, kisha akaitema mkononi.

Nalishuhudia jambo hili hapa Pasiansi katika nyumba ya jirani. Bibi wa mtoto alimshika kidevu akasema, "Meza, mjukuu wangu! Wenzio huililia nyama, nawe waitupa!" Mtoto akajaribu kumeza, ikamkwama kooni, akakohoa hata machozi yakamtoka, akatapika na ugali wote aliokwisha kula. Tangu siku ile, alipoona chungu cha nyama tu alifunga kinywa. Mama yake akaniuliza, "Mwalimu, tumpige, au tumwache?" Nami sikuwa na jibu la haraka, maana mtoto wangu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, nalimlazimisha, wala sikufaidi kitu.

Kwanza yafaa tuyatazame meno. Magego ya kwanza ya mtoto hutoka yapata miezi 13 hata 19, na yale ya nyuma hayatoki mpaka akaribie miaka 2, pengine 2 na nusu au zaidi. Nyama ya ng'ombe aliyetembea malishoni miaka mingi ni ngumu hata kwa baba mwenye meno yote. Basi mara nyingi mtoto tunayemwita mchaguzi hakuchagua neno, ameshindwa kutafuna. Tena kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi hukiogopa chakula wasichokizoea. Hili ni jambo la umri wao, wala si ukaidi.

Walakini liko kosa moja kubwa kuliko kumlazimisha, nalo ni kumpa mchuzi tukidhani tumempa nyama. Mchuzi huchukua harufu, chumvi na mafuta. Kile kijengacho mwili karibu chote hubaki katika mnofu. Mimi ni baba, nami najua tulivyozoea: minofu kwa baba na wageni, watoto wachovye matonge yao. Tena hula pamoja katika sahani moja, mkubwa akimtangulia mdogo, hata mama hajui yule mdogo amekula nini. Mpeni sahani yake mwenyewe, ijapokuwa ndogo.

Kwa nini tujisumbue? Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, nayo ndiyo yasaidiayo kufanya damu; lakini baada ya miezi 6 hivi akiba ile hupungua, wala maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuijaza. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa ziwa mdogo wao alipozaliwa, wakalishwa mahindi karibu peke yake. Miguu ilivimba, ngozi ikababuka, nywele zikapoteza weusi wake. Ugonjwa huo sisi twauita unyafuzi. Madaktari wa leo husema asili yake ni mambo mengi, na maradhi mengine yamo. Hata hivyo mtu asiogope kwamba mtoto asiyekula nyama lazima ataugua. Wa kuogopewa ni yule akataaye nyama, nasi tukamwachia ugali mtupu.

Na sisi tukaao hapa hatuna udhuru. Pale Mwaloni Kirumba dagaa huuzwa kwa magunia, hata hupelekwa Kongo. Dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, naye humpa mtoto vitu vingi ambavyo mnofu wa ng'ombe hauna. Wachagueni waliokaushwa juu ya chanja, maana wale wa mchangani huleta mchanga kinywani, na mtoto akiusikia mara moja hatasahau. Waosheni kwa maji ya moto mara mbili au tatu, muwakaushe tena, muwakaange bila mafuta, kisha muwatwange na kuwachekecha. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji au mboga chatosha kuanza. Wakati wa mbalamwezi dagaa hupatikana kwa shida na bei hupanda, kwa hiyo ni vema kuweka akiba ya giza. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, hana miiba midogo mingi. Sato ni mtamu, lakini mnofu wake upapaswe kwa vidole kwanza. Mayai nayo yasisahauliwe. Wazee wa makabila mengi waliwakataza watoto mayai, wala sijaona mtoto aliyedhurika kwa kuyala. Maharage na choroko vina chuma pia. Vikiliwa pamoja na limau, embe au papai mwili hukipokea vizuri zaidi. Chai juu ya chakula hukizuia.

Nyama yenyewe isifukuzwe nyumbani. Ichemsheni hata ilainike, mwitwange katika kinu, mwichanganye na viazi vitamu vilivyopondwa. Ini ni laini, na kidogo chake chatosha. Wekeni katika sahani yake kipande cha kadiri ya punje ya harage, mkae kimya. Akikiacha, kiondoeni bila maneno, mkilete tena siku nyingine. Yaweza kuwa mara 8 au 10, pengine zaidi, kabla hajakionja. Msimlipe kwa pipi. Msimpe andazi wala kikombe kikubwa cha maziwa saa moja kabla ya chakula, kisha mkashangaa kwamba hana njaa. Wala msiseme mbele yake, "Huyu hali nyama," kwa kuwa atalishika kama jina lake.

Itazameni kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukilala au ukishuka, au viganja vikiwa vyeupe, au mtoto akila udongo, mpelekeni kwa daktari. Malaria, minyoo na kichocho cha Ziwa hili humaliza damu, na mara nyingi huondoa hamu ya kula. Kadhalika akipaliwa kila mara alapo.

Yule mtoto wa jirani sasa ana miaka mitatu na nusu. Nyama ya ng'ombe bado haipendi, isipokuwa imetwangwa. Dagaa hula, na mstari wake umepanda. Bibi yake hunung'unika kwamba twamlea kama mtoto wa mfalme, naye ndiye awatwangaye hao dagaa kila Jumamosi.