Herufi 12,000: Utangulizi wa Koo za Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa

Huhitaji kuwa daktari wa mifugo ili kulifuata somo hili. Kama umewahi kusikia wafugaji wakisimulia jinsi kondoo wa boma zima walivyotupa mimba baada ya mvua kubwa, umekwisha kuanza.

Ugonjwa wenyewe ni Homa ya Bonde la Ufa. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Virusi vyake huenezwa na mbu. Mbu wa jenasi ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji. Mayai hayo huweza kustahimili ukame kwa miaka, na mengine huaminika kuwa yamerithi virusi kutoka kwa mama. Mafuriko yakija, huanguliwa.

Sasa tukitazame kirusi chenyewe. Maagizo ya kukiunda yamo katika RNA, molekuli ndefu yenye “herufi” za aina nne ziitwazo nyukleotidi. Herufi zote pamoja, yaani jenomu, ni takribani 12,000, nazo zimegawanyika katika vipande vitatu: kikubwa (L), cha kati (M) na kidogo (S). Vikumbuke vipande hivyo, maana ndivyo vitakavyotusumbua baadaye.

Kirusi kinapozaliana, herufi zake hunakiliwa, na makosa hayakosekani, kama yalivyowapitia walionakili tenzi kwa mkono. Kosa linalodumu huitwa badiliko la jeni. Virusi vinavyoshiriki mabadiliko yale yale yaliyorithiwa tunavihesabu ukoo mmoja.

Hapa wanafunzi wengi hudhani kwamba ukoo mwingine ni ugonjwa mwingine. Sivyo. Linganisha sampuli za Misri, Kenya, Madagaska na Afrika Kusini zilizokusanywa kwa miongo mingi: tofauti ya herufi ni kama asilimia 5 tu, na ya protini ni ndogo zaidi. Sababu ni kwamba herufi husomwa tatu tatu, kila kundi likitaja asidi amino moja, yaani kiungo cha kujengea protini. Mara nyingi herufi ya tatu hubadilika na asidi amino ikabaki ile ile. Ndiyo maana kingamwili, protini za mwili zinazokamata virusi, zikizoea ukoo mmoja huzitambua na koo nyingine, na chanjo moja huweza kutumika kote. Kwangu mimi, hili ndilo jambo la kufurahisha kuliko yote katika somo hili.

Tofauti hizo chache zina kazi kubwa. Mwaka 2000 homa ilizuka Saudi Arabia na Yemen, nje ya Afrika na visiwa vyake kwa mara ya kwanza. Herufi za virusi vile zilikaribiana mno na za Afrika Mashariki za mlipuko wa 1997–98, wakati wa El Niño. Virusi vilikuwa vimevuka bahari, ingawa herufi hazisemi vilisafiri na mifugo au na mbu.

Turudi kwenye vipande vitatu. Koo mbili zikikutana ndani ya mbu au mnyama mmoja, zinaweza kubadilishana vipande, na kizazi kipya kikachukua L ya huku na M ya kule. Hapo mchoro wa koo uliotokana na M hupingana na ule wa S. Tena eneo moja halina ukoo mmoja: katika mlipuko wa 2006–07, Kenya peke yake ilikuwa na zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tutasoma kila kipande peke yake, tukianza na M, kwa kuwa ndicho chenye maagizo ya protini za ganda la nje, zile ambazo kingamwili huzikamata.