Bundi, Mlinzi wa Akiba Yetu

Leo twapenda kueleza habari za ndege ambaye wengi humtupia mawe kabla ya kumjua. Naye ni bundi mweupe, ambaye watu wa pwani humwita pia babewatoto. Katika mtaa kama Tabata, jijini Dar es Salaam, hukaa darini, katika magofu na katika mashimo ya miti.

Urefu wake ni kama sentimeta 35. Mgongo una rangi ya dhahabu na kijivu, tumbo ni jeupe, na uso una umbo la moyo. Uso huo si pambo tu: hukusanya sauti kama mtu akingaye kiganja nyuma ya sikio. Tena sikio moja li juu kidogo kuliko la pili, hivyo hutambua sauti itokako, akamkamata panya hata katika giza totoro. Manyoya ya mabawa yake yana ncha laini kama kitana, naye huruka kimya. Panya humezwa mzima. Kisha mifupa na manyoya hutapikwa kama kidonge. Avunjaye vidonge hivyo ataona mafuvu ya panya.

Jike hutaga mayai 4 hadi 7, na huatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Wengi husema kwamba akilia juu ya paa, mtu atakufa. Lakini tufikiri. Penye mgonjwa taa haizimwi na watu hukesha. Nao wakeshao ndio wasikiao. Usiku mwingine bundi hulia vile vile, nasi tumelala.

Panya ndio adui zetu hasa. Hula mpunga na mahindi, na viroboto vyao huleta tauni, kama ile iliyozuka Lushoto mwaka 1980 ikasumbua zaidi ya miaka 20. Bundi peke yake hawezi kuwamaliza, lakini hutusaidia kila usiku bila ujira.

Basi yatupasa kumlinda. Tusizibe tundu lenye makinda. Tutumie mitego kuliko sumu, kwa maana panya aliyekula sumu hafi papo hapo, na bundi amlaye hudhurika. Panya waliokufa kwa sumu tuwafukie. Na mtoto aokotaye jiwe, tumwambie kwanza ni nani alindaye ghala la mama yake.