Wezi Sita, na Mmoja Asiyejua Kusoma

Je, yafaa kijana wa nyumbani asome hadithi ya wezi? Wazazi wenye kuuliza hivyo wana haki. Nitawajibu kwa kitabu kimoja, Six of Crows, kilichotungwa na Leigh Bardugo wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015.

Nchi zake ni za kubuni, na uchawi hutendeka humo mchana kweupe. Mji wa Ketterdam, uliobuniwa kwa mfano wa Amsterdam, ni bandari ambamo kila kitu kina bei, binadamu akiwamo. Tajiri Jan Van Eck anaahidi kruge milioni 30, ndiyo fedha ya huko, kwa atakayemtorosha mtaalamu aliyefungwa katika ngome isiyopata kuvunjwa. Mtaalamu huyo anajua siri ya dawa inayozidisha nguvu za wachawi, na kuwafanya watumwa wa dawa hiyo.

Wanaoikubali kazi ni vijana sita waliotupwa na jamii. Kaz Brekker, kiongozi wao mwenye miaka 17, huchechemea, na mkongojo wake ndio silaha yake. (Mtungaji naye ana maradhi ya mifupa na mara nyingine hutumia mkongojo, labda ndiyo sababu Kaz haombewi huruma popote.) Inej aliibwa kwao akauzwa katika danguro, sasa hupanda kuta bila kusikika. Jesper ni mlenga shabaha aliyetekwa na kamari. Nina ni mchawi, na Matthias ni askari aliyefunzwa kuwawinda wachawi.

Wa sita ni Wylan, mwana wa yule tajiri. Hapo ndipo mimi, niliyesomea ualimu, nilipokiweka kitabu chini kwa muda. Kijana huyu hupiga filimbi, ni hodari wa hesabu, na huchanganya baruti. Lakini kusoma kumemshinda. Baba aliajiri mwalimu baada ya mwalimu, kisha akamhesabu mwanawe kuwa hasara. Wylan alipotoka nyumbani, baba alimwandikia barua za kumrai arudi, akijua fika kwamba hawezi kuzisoma. Katika kitabu chenye kung'olewa jicho la mtu, ukatili ulionichoma zaidi ni huo wa barua. Na ni mkono wa mtoto huyo unaochora ramani ya ngome, kwa kufuata maelezo ya Matthias.

Kasoro zipo. Sura za mwanzo zimejaa majina mageni. Afadhali kuyaandika pembeni. Vijana hao nao husema kama wazee wa miaka 50. Wala si kitabu cha mtoto mdogo, kwa sababu ya damu na habari za danguro. Lakini aliyefika kidato cha tatu nitampa bila wasiwasi, hasa yule ambaye ripoti yake ya shule huleta kelele nyumbani.

Hadithi inaendelea katika Crooked Kingdom, cha mwaka 2016, ambamo Wylan anakabiliana na baba yake uso kwa uso.