Mbona Mafua Hurudi Tena na Tena?

Ifikapo Julai, baridi na manyunyu yakitanda Meru na Embu, huenda hujiuliza: mbona mtoto aliyepona mafua wiki jana anapiga chafya tena leo?

Usidhani mwili wake hauna kinga. Mafua huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Mwili ukishinda aina moja huunda askari wa kuikabili, lakini askari hao huenda wasiitambue aina nyingine. Ndiyo maana mtoto mdogo aweza kuugua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mtu mzima mara 2 au 3. Tena, baridi yenyewe si virusi. Tunapofunga madirisha na kubanana jikoni au bwenini, ndipo tunapoambukizana.

Basi usikimbilie kununua antibiotiki, kwani haziui virusi. Nawa mikono kwa sabuni, fungua dirisha, mpe mtoto vinywaji vya kutosha, na aliye mchanga umnyonyeshe mara kwa mara. Lakini akipumua mbiombio, kifua kikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, mkimbize hospitalini. Hiyo yaweza kuwa nimonia, na nimonia huua.