Sawa Isiyo Kukubali
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulifuata nyayo za "okei" kutoka Boston, ambako gazeti la Boston Morning Post lililichapa tarehe 23 Machi 1839 kwa mzaha wa wahariri waliopenda kuendeleza maneno vibaya makusudi kisha kuyafupisha. Tukaliona likiingia katika uchaguzi wa Marekani wa 1840, wafuasi wa Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, walipolifanya jina la vilabu vyao. Leo tunalipokea hapa Ainabkoi, nchini Kenya. Likifika kwetu, Kiswahili kinalipa visawe gani, na kila kisawe kinamfunga msemaji kwa kiasi gani?

Mwanafunzi yeyote atajibu "sawa". Nami nitampa nusu ya alama.

Sawa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kulingana. Humo ndimo tulimopata usawa na kusawazisha. Barabara nayo, ile ya "umesema barabara", ilitoka kwa Waajemi ikiwa na maana iyo hiyo ya pande mbili zilizo sambamba. Basi mzee aliyesema "sawa" zamani alikuwa anashuhudia jambo: kwamba alichoambiwa na anachokijua vimelingana. Hilo ni jibu zito. Lakini simu ya mkononi imelipunguza uzito. Siku hizi "sawa" ni alama ya kwamba ujumbe umefika. Mtu anakuandikia kwamba hatakulipa hadi mwisho wa mwezi, unajibu "sawa", na moyoni umechemka. Hujakubali kitu. Umesikia tu.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikigharimu fedha, nenda Burnt Forest msimu wa kuvuna viazi. Dalali anataja bei ya gunia, na gunia lenyewe ni lile la lumbesa, lililojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa kilemba cha viazi juu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mkulima anazijua kanuni hizo, dalali pia anazijua, na lori linanguruma kando ya barabara. Mkulima anatazama viazi vilivyokwisha kuchimbwa, ambavyo havitamngoja, anasema: "Haya."

Neno hili halina mwenzake katika Kiingereza, na ndilo ninalolipenda kuliko yote katika orodha yetu. Mama akimwambia mtoto "haya!" anamwamuru aanze. Wageni wakisimama na kusema "haya basi" wanaaga. Mtu akishindwa hoja na kusema "haya" kwa sauti ya kushuka, ameacha kubishana, lakini hajabadili mawazo. Asili yake ni wito wa Kiarabu wa kuhimiza. (Haya ya kuona aibu ni neno jingine kabisa, ingawa pale sokoni sina hakika mkulima hazisikii zote mbili.) Dalali atasimulia jioni kwamba walikubaliana bei. Kwa Kiswahili cha haki, mkulima hakukubali bei, aliiachia ipite.

Maneno ya vijana nitayapita haraka. Poa, fiti, freshi: yote yanaeleza hali ya msemaji kuliko msimamo wake. Kijana akikujibu "poa" amekuambia kwamba yeye hana joto kuhusu jambo hilo, na kupoa ndicho hasa kitenzi neno hilo lilikotoka. Usimpeleke mahakamani kwa ushahidi huo.

Na mahakamani ndiko "ndiyo" inakoleta taabu. Wengi hudhani ni neno la mkato lisilo na viungo, lakini jamaa zake ni ndiye, ndicho, ndimo. Ndiyo ni kusema: jambo ulilolitaja ni hilo hilo. Kwa hiyo wakili akimuuliza shahidi, "Je, hukumwona mshtakiwa usiku huo?" naye shahidi akajibu "Ndiyo," amesema hakumwona. Amethibitisha sentensi kama ilivyoulizwa, pamoja na ukanushi wake. Mwingereza katika nafasi hiyo angekataa kwa "no". Mkalimani anayefikiri kwa Kiingereza ataandika "yes", na rekodi itasoma kwamba shahidi alimwona mtu ambaye hakumwona. Vijana waliosomea Kiingereza tangu chekechea nao wameanza kujibu "hapana" mahali pale pale. Sasa twaweza kuwa na mashahidi wawili, baba na mwana, wenye ushahidi mmoja na majibu yanayopingana. Hakimu mwangalifu humtaka shahidi atoe sentensi nzima: ndiyo, sikumwona.

Tuje sasa kwenye maneno ya ofisini, ambako Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyokitumia. Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, awe anapenda au hapendi, maadamu masharti yametimia. Kibali kimezaliwa na mzizi mmoja na kukubali. Waumini bado husema kupata kibali machoni pa Mungu, lakini serikalini kimekuwa karatasi yenye muhuri. Halafu kuna ridhaa. Ridhaa haina ofisi. Hutoka kwa mtu anayeguswa na jambo lenyewe, na mtu huyo lazima awe na uwezo wa kukataa.

Hapa Ainabkoi tofauti hizi zinakutana katika mambo ya shamba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, ya mwaka 1967, uuzaji wa ardhi ya kilimo ni batili iwapo bodi ya eneo haijauidhinisha, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Watu husema tu "kwenda bodi", na kinachotafutwa huko hukiita "konsenti". Ndani ya neno hilo moja wamefunga mambo mawili. La kwanza ni idhini ya bodi. La pili ni ridhaa ya mke, kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja wa wanandoa katika ndoa ya mke mmoja kuuza mali ya ndoa bila mwenzake kukubali.

Mama anasimama mbele ya bodi. Mumewe yuko hapo, mnunuzi yuko hapo, labda na shemeji wawili. Anaulizwa: "Mama, ni sawa?" Anajibu: "Sawa." Jibu limerudisha neno la swali, na kwa adabu zetu asingeweza kwa urahisi kulirudisha jingine mbele ya mume na wakwe. Umesikia nini hapo: amelinganisha, amepokea, au ameridhika? Nauona udhaifu katika swali, si katika jibu. Laiti angeulizwa, "Mama, ungependa shamba hili lifanyweje?" angelazimika kutumia kitenzi chake mwenyewe. Kikalenjin kingemsaidia zaidi, maana cham ni kukubali na ni kupenda pia, na ndiyo hiyo iliyomo katika "chamgei" tunayosalimiana nayo kila asubuhi.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 42, imelisema hili kwa uwazi kuliko sheria zetu za ardhi: mtu ameridhia akiwa amekubali kwa kuchagua, na akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Sioni kwa nini kipimo hicho kisisomwe mbele ya bodi, kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin, kabla ya swali lolote kuulizwa.

Juma lijalo tutageukia maneno ya kukataa, tukianza na yale yanayofanana sana na kukubali: "tutaona", "nitafikiria" na "inshallah".