Mbio za Milimani: Tuelewe Kabla Hatujamtuma Kijana Wetu



Siku hizi mbio si za uwanjani na barabarani peke yake. Kuna mbio za kupita kwa vijia vya mifugo, msituni na kwenye mawe, watu wakipanda mlima na kuushuka. Vijana wengi wanatamani kuzijaribu. Vikundi navyo huombwa kuchanga nauli, au kutoa watu wa kusimama njiani siku ya mashindano. Ni vizuri tuelewe mambo haya kabla ya kutoa pesa, na zaidi kabla ya kutoa watoto wetu.

NI MBIO ZA NAMNA GANI?

Tuchukue mfano mmoja. Kule Uswisi kuna mbio za Sierre-Zinal, zilizoanza mwaka 1974 na ambazo hufanyika mwezi wa Agosti. Urefu wake ni kilomita 31. Mtu atasema, "Hiyo si mbali!" Lakini katika kilomita hizo mkimbiaji hupanda jumla ya mita 2,200 na kushuka mita 1,100. Umbali huo barabarani, mkimbiaji hodari anaumaliza kwa saa moja na nusu hivi. Huko mlimani, hata mshindi hutumia kama saa mbili na nusu.

Wakenya wanajulikana sana huko. Dada yetu Lucy Wambui Murigi alishinda mbio hizo mwaka 2015, 2017 na 2018. Pia alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 kule Italia, na tena mwaka 2018 kule Andorra. Kwa hivyo kijana anayetamani njia hii haoti ndoto tu. Lakini lazima ajifunze.

KUPANDA NA KUSHUKA

Wengi hushangaa kusikia kwamba mahali penye mwinuko mkali hata mabingwa hutembea. Huinama kidogo, huweka mikono juu ya magoti, na kupiga hatua fupi fupi. Anayekimbilia kila mwinuko humaliza nguvu mapema, kisha wale waliokuwa wakitembea wanampita.

Kushuka nako kunaonekana rahisi, kumbe ndiko kunakoumiza. Kila hatua misuli ya mapaja inashika mwili kama breki ya gari. Asiyezoea hushuka kesho yake ngazi akijishikilia ukutani. Kwa hivyo katika mazoezi kijana asipande tu halafu arudi nyumbani kwa matatu. Ashuke pia kwa miguu, polepole mwanzoni, hatua fupi, macho yakitazama mita chache mbele na si kwenye vidole.

Tena asile mara moja tu asubuhi. Mbio za saa nyingi zinataka chakula kidogo kidogo njiani: ndizi, mkate, maji yenye sukari na chumvi kidogo. Anywe akisikia kiu, asijilazimishe kunywa maji mengi kupita kiasi, maana hayo nayo ni hatari.

BARIDI HUUA

Hapa tunaomba msome kwa makini. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Ukiongeza mvua na upepo, mwili hupoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza.

Tarehe 22 Mei 2021 kulikuwa na mbio za milimani za kilomita 100 katika mkoa wa Gansu, China. Watu 172 walianza. Adhuhuri ikaja mvua ya barafu na upepo mkali, wakimbiaji wakiwa juu mahali pasipofikika kwa gari. Wengi walikuwa na nguo nyepesi tu, kwa sababu jaketi ya kuzuia upepo haikuwa lazima. Watu 21 walikufa, na kati yao walikuwemo mabingwa waliojulikana nchi nzima. Nguvu za miguu hazikuwasaidia.

Siku hiyo mchungaji mmoja wa mbuzi na kondoo alikuwa amejikinga ndani ya pango. Alimwona mkimbiaji anayetetemeka, akamwingiza ndani, akawasha moto na kumfunika. Kisha akatoka kutafuta wengine. Aliokoa watu sita. Hakuwa na cheo wala redio ya mawasiliano. Alikuwa na moto, blanketi, na moyo wa kutoka nje.

KIKUNDI KIKIOMBWA KUSIMAMA NJIANI

Kazi hii si ya kupiga makofi tu. Kabla ya kukubali, waulizeni wenye mashindano:

1. Ni nani atahesabu wakimbiaji wanaoanza na kila wanapofika kituoni? Aliyepungua lazima atafutwe.
2. Ni nani atatembea nyuma ya mtu wa mwisho?
3. Hali ya hewa ikiharibika, ni nani ana mamlaka ya kusimamisha mbio?
4. Kila mkimbiaji amelazimishwa kubeba jaketi na filimbi?
5. Mgonjwa atashushwa vipi mahali gari haliwezi kufika?

Mkikosa majibu, kataeni.

Mkimbiaji aliyeshikwa na baridi hutetemeka, huongea kama mlevi, hujikwaa, na vidole vyake vinashindwa kufunga kifungo. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni kwa vitu vikavu pamoja na kichwa. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni chai yenye sukari. Msimpe pombe, na msimsugue mikono na miguu. Tafuteni daktari upesi.

DAWA NA SINDANO

Mwaka 2022, mwanamume na mwanamke waliofika wa kwanza Sierre-Zinal walikuwa Wakenya. Baadaye wote wawili walinyang'anywa ushindi, baada ya vipimo kuonyesha dawa zilizokatazwa. Dawa moja iliyopatikana kwa wote wawili hutumika pia hospitalini kutibu viungo vilivyovimba.

Kwa hivyo kijana akiumwa goti asikubali sindano ya mtu yeyote tu. Amwambie daktari kwamba yeye ni mwanariadha na hupimwa, aulize jina la dawa, na aweke karatasi zote. Kanuni ya mchezo ni kwamba kinachopatikana mwilini mwako ni mzigo wako wewe, hata kama ni mwingine aliyekudunga. Anayemwambia kijana, "Meza tu, usiulize," hamtakii mema.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Vijana wetu wakifanya mazoezi mlimani, nani anajua wameenda njia gani na watarudi saa ngapi?
2. Katika eneo letu, ni nani anazijua njia za juu vizuri kama yule mchungaji? Tumemuuliza lolote?
3. Tukichanga nauli ya mkimbiaji, je, tumefikiria pia bei ya jaketi?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mlimani guu likivunjika hospitali iko mbali.