KIWANJA CHA ALIYELEMAA VITANI



Mtu amepoteza mguu vitani. Anaporudi kijijini anakuta nduguze wamekwisha kugawana shamba la marehemu baba yao, naye anaambiwa: "Wewe utalima na mguu gani?" Je, ana haki gani? Swali hili si la askari peke yake. Mwenzetu aliyekatwa mkono na mashine kiwandani hurudi nyumbani kwa njia ile ile na kuambiwa maneno yale yale. Kwa hiyo inafaa tulieleze kwa kituo.

Tuanze na historia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuwagawia ardhi ya Kenya askari wa Kizungu. Maofisa waliolemaa walitengewa eka 25,000 hivi huko Kericho, katika nchi ya Wakipsigis. Walilima kitani, bei ikaanguka, na mradi ukafa. Lakini ardhi ile haikurudi kwa wenyewe, bali iliingia mikononi mwa makampuni ya chai. Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles na wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, hawakuwamo katika mpango huo. Wapagazi waliachiwa jina tu: Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa hivyo kutokana na kikosi chao. Jeraha lilikuwa moja, lakini ardhi ilitolewa kwa rangi na cheo.

Sasa tuje Mbarara. Mji huu ulibomolewa vibaya mwaka 1979 katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Baadaye vilikuja vita vya msituni, vilivyokwisha mwaka 1986. Kati ya 1992 na 1995 serikali ya Uganda iliwapunguza jeshini askari zaidi ya 36,000. Walipewa fedha na vitu vya kuanzia maisha, kama mabati na mbegu. Lakini bati halijengi nyumba hewani. Wengi walitegemea ardhi ya ukoo, na huko ndiko ugomvi ulikoanzia.

Sheria inasemaje? Ziko nguzo nne.

Kwanza, Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema kwamba uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Wazee wa ukoo wanaweza kukutana na kuamua, lakini uamuzi wa namna hiyo hauna nguvu.

Pili, mwenye ardhi ya kimila anaweza kuomba hati ya umiliki wa kimila. Ombi hupitia Kamati ya Ardhi ya Eneo, nayo imeamriwa na sheria kulinda haki za wanawake, watoto, wasiokuwapo na walemavu. Basi wanakamati wakija kupima mipaka, aliyelemaa awepo. Kama hawezi kutembea, abebwe.

Tatu, mtu aliyewekwa na serikali juu ya ardhi yenye hati ya mwingine kabla ya Katiba ya 1995 hawi mvamizi. Sheria inamtambua kuwa mkaaji wa nia njema. Hulipa kodi ndogo ya mwaka kwa mwenye hati, na tangu marekebisho ya 2010 hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa kodi hiyo. Kwa hiyo tunza risiti zako.

Nne, ardhi ambayo familia inakaa na kupata riziki yake haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Mwenye shida akirubuniwa kuuza, mwenzake ana haki ya kukataa.

Huko Nakivale, ambako zamani kulikuwa wilaya ya Mbarara na tangu 2005 ni Isingiro, mambo ni tofauti. Makazi yale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda, na leo wamo pia wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, wakiwamo waliolemazwa na vita. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, lakini kwa kukitumia tu. Hana ruhusa ya kukiuza wala kukikodisha. Ndugu mfanyakazi, ukiuziwa kiwanja cha Nakivale, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na mkimbizi mlemavu akinyang'anywa sehemu yake, alalamike kwa baraza la wakimbizi, kisha kwa kamanda wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Sisi tunaolala katika nyumba za kampuni tuangalie hapa. Kazi ikikoma, na nyumba imekoma. Aliyeumia hubaki na kiwanja cha kwao tu, na kiwanja kisicho na karatasi hulindwa na nguvu za mwenyewe, nazo ndizo zilizomwishia. Basi ukienda likizo, usipeleke sukari na sabuni tu. Panda miti ya mpaka mbele ya majirani, waite mashahidi watie sahihi, na uombe hati. Fanya hivyo ungali mzima.